Mkate wangu unasifiwa Facebook, blogu yangu haina mtu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nakaa Ngamiani, Tanga, nimeolewa na nina watoto wawili. Mchana nauza duka la vitambaa. Usiku watoto wakilala ndipo nakaa na simu yangu. Mwaka 2022 nilifungua blogu ya mapishi ya Pwani. Bibi yangu mzaa mama, yuko Pemba, aliugua mwaka ule, nikaona siku akiondoka ataondoka na vipimo vyake vyote. Hajawahi kuandika kitu. Anapimia kikombe kimoja cha bati kilichong'oka mkono, na ukimuuliza sukari kiasi gani anakwambia "tia mpaka roho iseme basi". Mpaka leo nimeandika makala 61: mkate wa kumimina (ule wa mchele na nazi), vibibi, visheti, boko-boko, mchuzi wa papa, kaimati, na mengine.

Shida yangu ni wasomaji. Kwa siku wanaingia watu 20, wakizidi sana 30, na nahisi baadhi yao ni mimi mwenyewe nachungulia kama kuna mtu.

Facebook nina ukurasa wenye wafuasi 4,300. Nikiweka picha ya chakula watu wanajaa: "mashallah", "nakuja kwako", "weka na chai". Nikiweka linki ya makala, kimya. Mwezi uliopita niliweka picha ya mkate wa kumimina bila linki, nikauliza tu nani bado anaupika kwa mkaa. Maoni yakafika 212. Watu wakaanza kugombana kama unatiwa yai au hautiwi, wa Mombasa kivyao, wa Unguja kivyao, na mama mmoja wa Maskati akasema yeye anatumia tui la unga na oveni na unatoka vizuri tu. Nilishindwa kuwajibu wote, nikaacha likapita. Siku hiyo blogu iliingiwa na watu 27.

WhatsApp ndiyo imeniaibisha. Kila makala mpya nilikuwa naituma kwenye makundi yote: la familia, la wazazi wa shule, la kikoba, la niliosoma nao, la mtaa. Mwezi wa tisa admini wa kundi la wazazi akaandika mbele ya watu wote, "Dada, hapa tunaongelea watoto, biashara peleka sokoni," akanitoa. Kundi la familia admini ni shemeji yangu. Hajanitoa, ila nikituma linki anajibu kwa kile kikatuni cha mtu anayesinzia.

Halafu kuna la bibi. Niliweka Facebook picha yake akimimina mkate, yuko jikoni kwake, amejifunga kanga kifuani, kichwa wazi, maana joto la jiko unalijua. Mimi niliona picha nzuri mno. Wajomba zangu wa Pemba wakaonyeshwa na watu, wakampigia mama simu, wakasema nimemvua bibi nguo mbele ya dunia. Nimeifuta, lakini ilishasambaa. Bado sijampigia bibi.

Mdogo wangu wa kiume anasema blogu zimekufa zamani, niifunge niingie TikTok. Na kuna ukurasa mkubwa wa mapishi umebeba picha zangu tatu na maelezo yangu neno kwa neno, hata pale nilipokosea nikaandika "ilki" wamelichukua na kosa lake. Wao wamepata laiki kwa maelfu.

Anwani ya blogu nimekuandikia pembeni, uiangalie lakini usiichapishe. Niendelee au nifunge?

Mmimina Mkate,
Tanga

—

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na bibi, maana hayo mengine yanangoja na yeye hangoji. Mpigie leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Usimweleze habari za Facebook wala wafuasi. Mwambie umekosea, ulipiga picha kwa mapenzi na ukaiweka mahali ambapo hukumuomba ruhusa. Halafu wapigie wajomba zako mmoja mmoja, nao watafoka, waache wafoke. Baadaye, bibi akiridhia, rudi na simu yako upige mikono tu: ile mikono inayomimina, kikombe cha bati kisicho na mkono, rojo linavyotambaa sufuriani. Picha ya namna hiyo ina bibi yako mzima ndani yake, na hakuna mjomba atakayepiga simu.

Sasa blogu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimekwama palepale. Umelalamika juu ya linki, admini, shemeji na mdogo wako, ila jambo kubwa kuliko yote umelipitisha haraka: watu waliandika maoni 212 wakigombania yai, nawe "ukaacha likapita". Mpwa wangu, hiyo ndiyo blogu yako. Imekuja mlangoni na vikapu, ukasema huna nafasi.

Sisi tuliosoma blogu za Kiswahili tangu enzi za Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, na Issa Michuzi alipofungua ya kwake mwaka 2005, tulizoea mazungumzo kuwa hapohapo chini ya habari. Mtu anaweka picha moja ya harusi, chini yake watu wanataniana mpaka usiku, aliye Dar na aliye London. Baraza lilikuwa ndani ya nyumba. Siku hizi baraza limehamia Facebook na WhatsApp, na nyumba zimebaki na kabati na kitanda. Ndiyo maana ya kwako inakuwa kimya, na ya wengine pia. Mdogo wako akiona ukimya ule anadhani ni kifo.

Kwa hiyo fanya kazi moja ambayo haihitaji hela wala kipaji cha mitandao. Chukua daftari, ingia kwenye ile posti, soma maoni yote 212 kuanzia la kwanza. Yale ya "mashallah" yaruke. Andika nani alisema nini: nani anatia yai zima, nani anapiga ute peke yake, nani hatii kabisa na anaegemea hamira. Nani anapalia makaa juu ya mfuniko na nani anageuza sufuria ielekee moto. Nani mchele analaza usiku kucha na nani saa tatu tu. Nina hakika ukimaliza utakuwa na mambo ambayo hata bibi hayajui, maana bibi anaujua mkate wa jiko lake.

Kisha waandikie watu wanne au watano faraghani. Anza na yule mama wa Maskati. Mwambie: "Mama, ulisema unatumia tui la unga. Vijiko vingapi kwa maji kiasi gani? Ninaomba nikiandike, na uniambie jina gani unapenda nilitumie." Kwamba aliandika hadharani hakukupi ruhusa ya kumbeba na kumweka kwako, umeshaona kwa bibi ruhusa isiyoombwa inavyorudi. Kwenye kundi la WhatsApp ndiyo kabisa, maneno ya kundi ni ya kundi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Ila watu wengi wakiulizwa kwa adabu wanafurahi. Atakutumia vipimo, atakutumia sauti ya dakika nne, na pengine picha ya mkate wenyewe uko juu ya meza.

Makala yako ya zamani irudie. Weka sehemu mpya: wanaotia yai wanasema hivi, wa Maskati anafanya hivi kwa oveni, wa Mombasa wanafanya hivi. Na hapo hapo andika kwamba Mombasa wako wanaouita mkate wa sinia. Nimeitafuta makala yako nzima, jina hilo halimo hata mara moja. Mtu wa Mombasa anayeingia Google na kuandika "mkate wa sinia" atakupata vipi, na wewe umeandika kumimina tupu?

Ikishakuwa tayari, warudie walewale na uwape linki, kila mtu peke yake: "Nimeyaandika yako, angalia kama nimekosea." Hapo ndipo utakapoona linki inavyotembea. Yule mama ataituma kwa dada zake, kwa binti zake, kwa kundi lake la wanawake wa Maskati, na hakuna admini atakayemtoa, kwa sababu hatangazi blogu ya mtu, anaonyesha jina lake. Watu hawashei makala kwa sababu imeandikwa vizuri. Nimeandika vizuri miaka mingi, najua ninachosema.

Nikupe na kisa changu ucheke. Mwaka 2014 nilikuwa na blogu ya habari za mpira wa mitaani. Usiku mmoja nikaandika makala niliyoiona ni ya mwaka, nikaitupa kwenye makundi 17 mfululizo, nanakili nabandika, nanakili nabandika, macho yamelegea. Asubuhi naamka nakuta nimeondolewa kwenye makundi sita. Mojawapo lilikuwa la kuchangia msiba. Kati ya jina la marehemu na namba ya kutuma rambirambi nilikuwa nimebandika: "Kipa aliyedaka penalti tatu, soma hapa."

Kiswahili chetu kina ujanja wake. Linki tunaiita kiungo, na iliki na mdalasini navyo ni viungo. Ukizidisha, chungu kizima hakiliki.

Kwenye makundi basi, acha kutuma linki kabisa kwa miezi mitatu. Kaa usikilize. Siku mtu wa kundi la mtaa akiuliza "jamani, mkate wangu mbona umedumaa?" mjibu palepale kwa maneno yako mistari miwili, kwamba huenda hamira imechacha au rojo limekuwa zito. Akitaka zaidi ataomba, na hapo mpe linki. Yule admini wa wazazi mwandikie pembeni umwombe radhi, hata kama hakurudishi. Mtoto wako bado anasoma shule hiyo.

Nimefungua blogu yako kwa simu, nikiwa nimekaa kibarazani na bando la kawaida. Makala ya mkate wa kumimina ina picha tisa, na kila moja umeitoa kwenye kamera ya simu ukaipandisha vilevile ilivyo, karibu MB 4. Hizo ni MB 36 kwa mkate mmoja! Wengi wa wafuasi wako wamenunua bando la mitandao ya kijamii peke yake. Ndani ya Facebook na WhatsApp wanatembea watakavyo, lakini wakigusa linki ya nje wanaambiwa hawana salio, au MB za akiba zinaanza kuliwa. Wewe unadhani wamekudharau, kumbe wamehesabu. Kabla ya kupandisha picha ipunguze upana ifike pikseli 1200 na uzito usizidi KB 150. Programu za kufanya hivyo zipo za bure kwenye simu. Picha zote tisa hazitafika MB moja na nusu, na mkate utabaki na matundu yake yote.

La pili nililoliona: nimejitumia linki yako WhatsApp, imetoka tupu, maandishi ya bluu tu, haina picha wala kichwa cha maana. Kichwa cha makala umeandika "Mapishi Na. 14". Nani afungue mapishi namba kumi na nne? Ungekuwa wewe ungefungua? Andika kama mtu anavyouliza: "Mkate wa kumimina: kwa nini wako haufanyi matundu." Na kwenye mipangilio ya kila makala kuna mahali pa kuchagua picha ya jalada. Weka ya ulalo, pikseli 1200 kwa 630, ndiyo inayokaa vizuri linki ikibandikwa. Tahadhari moja: Facebook inatunza picha ya zamani ya linki iliyokwisha kuiona, kwa hiyo ukibadilisha jalada usishangae ikiendelea kuonyesha lile la mwanzo. Wana ukurasa wao wa kukagua linki, Sharing Debugger, ambao unaiambia isome upya.

Tumalizane na Facebook. Si mkosi wala husuda. Januari 2018 walitangaza wenyewe kwamba watawaonyesha watu zaidi mambo ya ndugu na marafiki, na posti zinazozua mazungumzo, na kwamba kurasa zitapungukiwa. Ndiyo sababu swali la mkaa lilisambaa na linki zikafa. Basi wape wanachokitaka: swali, ubishi mdogo wa kiungwana, na jibu moja kamili ambalo mtu anaweza kulitumia bila kutoka Facebook. Kwa mfano eleza rojo likiwa tayari linaonekanaje, mapovu yanavyopanda na kupasuka juu, linavyonukia. Jibu lote litoe, usifiche nusu ukasema "mengine kwenye blogu", watu wanachukia kukatiwa utamu. Linki iweke kwenye maoni ya kwanza, kwa wanaotaka vipimo. Na kaa nayo saa ya kwanza uwajibu watu, kwa sababu ile saa ndiyo ubishi unapata moto au unazima.

WhatsApp nayo tumia stetasi. Inakaa saa 24 kisha inatoweka, haimlazimishi mtu, na kizuri chake ni kwamba anayejibu anakuja sandukuni kwako peke yako. Watu ambao hawathubutu kuandika mbele za watu watakuuliza pale: "Dada, mimi wangu unanata chini, kwa nini?" Kila swali la namna hiyo ni makala. Ukilipata mara tatu kutoka kwa watu watatu, usiku huohuo andika. Ukitaka kufungua chaneli ya WhatsApp fungua, zilisambazwa dunia nzima Septemba 2023, na wafuasi hawaonani namba, jambo ambalo dada zetu wengi wanalipenda. Lakini chaneli ni ya wewe kusema na wao kusikia, haina mazungumzo. Mimi ningeanza na stetasi.

Jambo moja nakusihi ulifanye kwa kila pishi: tengeneza kadi. Picha moja tu, nyepesi, yenye jina la pishi, vipimo, hatua tano au sita kwa herufi zinazosomeka bila miwani, na jina la blogu yako. Kadi inasafiri WhatsApp kwa bando dogo tu, mama anaitunza kwenye simu, anamtumia mkwewe, mkwe anamtumia jirani. Wengine hawatafika kwako kamwe. Wape tu. Wako watakaokwama kwenye hatua ya nne wakatafuta lile jina waliloliona kwenye kadi.

Na jina usilitie pembeni chini, huko ndiko wezi wanakokata. Lipitishe katikati, hafifu, juu ya mkate wenyewe. Tukiwa hapo: wale waliobeba "ilki" yako, waandikie kwanza kwa upole, ukiwapa linki na tarehe ya makala yako, waweke jina lako na anwani. Wakubwa wengi wanaogopa kelele kuliko sheria, watakubali, na ukurasa wenye watu wengi ukikutaja unakuwa umekutangaza bure. Wakikaa kimya, Facebook ina fomu ya kulalamikia hakimiliki. Orodha ya mchele, nazi na sukari haina mwenyewe, lakini picha ulizopiga na maneno uliyoandika ni yako, na kwa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakutambua. COSOTA ndiyo ofisi ya kuiendea. Piga picha ya skrini kabla hujawaandikia. Wakishtuka watafuta.

Mdogo wako usimpuuze. Video ya nusu dakika ya rojo likimiminwa kwenye sufuria ya moto, na ile sauti yake, inafanya kazi ambayo maandishi yangu hayawezi. Mpe yeye kazi hiyo, kijana anayetoa ushauri bure apewe simu apige. Lakini kufunga blogu, la. Mpishi mikono imejaa unga wa mchele hawezi kurudisha video nyuma mara tano kutafuta ulisema kikombe kimoja au kimoja na nusu. Anataka maandishi yaliyotulia. Tena mitandao ni nyumba ya kupanga. Januari 2021 Facebook ilizimwa Uganda wakati wa uchaguzi. Mei 2025 ikawa zamu ya X hapa kwetu Tanzania. Waliokuwa na kila kitu chao humo walilala na wafuasi, wakaamka hawana pa kuwafuata. Makala zako 61 ziweke pale ulipo na ufunguo, na nakala yake uitoe kila mwezi uihifadhi kwingine.

Kwa kuwa umetaja TikTok nitakwambia na hili: Instagram, X, Pinterest, zote ziache kwa sasa. Una duka, una watoto wawili, una mume. Facebook kwa sababu wabishi wako wako huko, WhatsApp kwa sababu mapishi yanapita huko, basi. Labda Pinterest baadaye, maana picha ya pishi kule inabaki na linki yake na mtu anaweza kuikuta hata baada ya mwaka. Kununua wafuasi sitaki hata kukusikia.

Ukitaka kujua nini kinaleta watu, usitazame idadi ya jumla. Anayetoka WhatsApp mara nyingi anaonekana kwenye takwimu zako kama mtu asiyejulikana ametoka wapi, kwa hiyo unaweza kuiona stetasi haifai kumbe ndiyo inayokulisha. Linki ya stetasi iongezee mkia, ?utm_source=whatsapp mwishoni, na ya Facebook iandike ?utm_source=facebook. Takwimu zitakutenganishia. Ni kazi ya sekunde kumi.

Na kabla hujaanza kuweka matangazo ya kulipwa, wasiliana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize blogu yako inaingia kundi gani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwaamuru wenye blogu wajisajili na kulipa ada, jumla ilizidi shilingi milioni mbili, na blogu nyingi zilizimwa mwaka ule. Zilibadilishwa 2020, zikarekebishwa tena 2022. Pata jibu lao kwa maandishi, uliweke.

Ramadhani haiko mbali, na mkate wa kumimina ni wa futari. Watu wataanza kuutafuta wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, kwa hiyo una muda wa kurudia ile makala moja tu. Zile nyingine 60 ziache zilale kwanza. Picha nyepesi, kichwa kipya, jina la sinia, maneno ya yule mama wa Maskati, mikono ya bibi kama ameridhia.

Na ukishapitia yale maoni, niandikie. Kwetu yai halikuwahi kutiwa. Marehemu mama alikuwa akisema anayetia yai anapika keki. Nataka kumjua huyo aliyesema ute peke yake, ametokea wapi.